Sina Mahari

Ukitaka kumuudhi Gervasi wa Kibimba huna haja ya kumtukana. Muulize tu, kwa sauti ya upole, kama lile zimwi lilipata mahari mwishoni. Ataliacha jembe palepale kwenye tuta la maharage, akukazie macho, kisha aanze kukueleza upya jambo analolieleza tangu mwaka tisini na tano. Akifika kwenye neno lenyewe ulimi utamgeuka, wewe utacheka, naye ataokota jembe lake aendelee kulima kana kwamba ardhi ndiyo iliyomkosea.

Shida yake ni herufi moja tu. Kihangaza alichokinyonya kwa mama yake hakina haja ya kutenganisha l na r, na Kiswahili alikutana nacho shuleni, ulimi ukiwa umeshakomaa. Darasa la pili mwalimu alimtuma akalete kalamu ofisini. Akaenda kutangaza kwamba mwalimu anataka karamu, na darasa zima likaanza kuulizana ni karamu ya nani. Alichapwa, na fimbo haikusaidia kitu. Kuna siku ulimi unamtii na kuna siku unamkana, hasa moyo ukimwenda mbio. Sitaandika kila kosa lake hapa, msomaji atachoka bure. Nitaandika lile moja.

Mwaka huo wa tisini na tano Ngara ilikuwa imefurika watu. Waliotoka Burundi mwaka tisini na tatu walikuwa wameshajenga, waliotoka Rwanda mwaka uliofuata walikuwa wengi kuliko wenyeji, na barabara iliyozoea lori moja kwa siku ikawa haikosi magari meupe kuanzia asubuhi. Kila mwenye akili ya biashara alifungua kitu. Zita, mwanamke wa makamo aliyekuwa akiuza vitenge sokoni, alinunua jenereta, televisheni na deki, akasimamisha banda la miti nje kidogo ya kambi ya Lukole na kuliezeka kwa shitingi, yale maturubai ya plastiki waliyopewa wakimbizi. Akaanza kuonyesha video. Kijana wa kusimama pembeni ya televisheni na kipaza sauti, awaeleze watu kwa Kiswahili Wazungu wanasema nini, akampata Gervasi, ambaye alisoma miaka miwili seminari ndogo kabla kifo cha baba yake hakijamrudisha kwenye migomba.

Kazi aliiweza. Filamu za karate hazina maneno mengi, na hata alipokosea, waliokaa kwenye mabenchi walikuwa Warundi, Wahangaza na Wasubi wenye ndimi kama yake. Nani angemcheka mwenzake?

Siku moja dereva wa shirika fulani, mkataba wake ulipokwisha, alimwachia Zita sanduku la kanda. Nyingi zilikuwa za vita, na zilipendwa. Moja tu ilikuwa na picha ya ziwa jeusi na mtu aliyelowa, amesimama ameinamisha uso mbele ya mlango. Gervasi aliposoma jina lake alipiga yowe. Hadithi ile alikuwa ameisoma seminarini, kwenye kitabu kisicho na jalada, na kurasa za mwisho mtu alikuwa amezichana akasokotea tumbaku. Miaka tisa alikuwa amekaa bila kujua ile riwaya iliishaje.

Habari yenyewe ni hii. Kuna kijiji cha milimani, nchi ya baridi. Serikali inaziba mto ili bonde liwe ziwa, na watu wanahamishiwa juu. Nyumba moja inabaki bondeni na mwenyewe ndani, kwa kuwa waliotumwa kumwambia waliogopa matope wakarudi wakasema wamemwambia. Maji yanaifunika. Baada ya miaka mingi kitu kinatoka ziwani, kina majani ya maji mwili mzima, kinapita mlango kwa mlango. Wanakijiji wanasema ni zimwi, linatafuta watoto wa kula. Kumbe linatafuta nyumba yake. Kitabuni zimwi ndilo linalosimulia, unalisikia likifikiri toka ukurasa wa kwanza. Kwenye filamu halisemi kitu. Unaona nyayo zilizolowa, unaona kitasa kinashikwa na kuachiwa, na zimwi zima halionekani mpaka robo saa ya mwisho.

Watazamaji wa Zita walikasirika. "Zimwi liko wapi?" walipiga kelele. "Tumelipia zimwi, mnatuonyesha tope!" Na lilipotokea, walioketi mbele waliona zipu mgongoni, wakazomea. Gervasi alijaribu kuwaambia kwamba zipu si hoja, kwamba waliotengeneza filamu ile wamefanya jambo gumu kwa kulinyamazisha zimwi, kwamba wasikilize ule mlio wa matone mlangoni. Wakamwambia aache mahubiri. Zita aliionyesha filamu mara mbili akaitupa kanda chini ya sanduku.

"Zimwi lako halina wateja," alimwambia.

"Hawajaliona vizuri," Gervasi alijibu, na hilo ndilo lililomkera kuliko zipu.

Sasa ni lazima nimtaje Clotilda. Alikuwa binti wa Mzee Ndayisenga, mwalimu kutoka Muyinga aliyevuka mpaka na koti moja, sanduku la vitabu na mtoto huyo mmoja aliyembakia. Clotilda alishona nguo kwa cherehani ya kuazima pale sokoni, na suruali za Gervasi zilianza kuchanika mara mbili kwa wiki. Soko zima lilijua. Baba yake naye alijua, akatamka mbele ya watu, kwa Kirundi, neno lililozunguka kambi nzima: "Binti yangu ni mkimbizi, lakini si mgao. Hatatolewa bure kama unga wa kwenye foleni." Maana wakati ule wapo wenyeji waliokuwa wakicheka kwamba kambini wake wanapatikana bila ng'ombe hata mmoja. Gervasi hakuwa wa namna hiyo. Alikuwa ameshamwomba baba yake mdogo aende kwa mzee Jumatano ijayo na pombe ya ndizi, kuanza mazungumzo kama watu.

Jumapili kabla ya Jumatano hiyo, kanda zote za vita zilikuwa zimeazimwa, na Zita akasema basi, weka zimwi lako. Banda lilijaa kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Clotilda alikuja, na safari hii baba yake alikuja naye, amevaa koti lake, akaketi benchi la mbele. Gervasi alifanya kazi siku hiyo kuliko siku zote. Kila zimwi lilipofika mlangoni na kugonga, yeye alisema kwa sauti nzito, "Hodi! Hodi wenyewe!" na watu wakapenda. Waliacha kuuliza zimwi liko wapi. Alimwona mzee ameegemea mbele, mikono juu ya magoti, na moyo wake ukaanza kumwenda mbio.

Ikafika robo saa ya mwisho. Zimwi limesimama kwenye mlango wa mwisho, wa binti wa msaga nafaka. Binti amefungua. Nyuma wanakuja watu na mienge. Hapo ndipo zimwi linafumbua mdomo, mara moja tu katika filamu nzima, linasema maneno machache ambayo Gervasi alikuwa ameyangoja miaka tisa, na ambayo mara mbili za kwanza yalimezwa na kuzomea. Linasema halina mahali.

Gervasi alivuta pumzi. Akamtazama Clotilda bila kukusudia. Akasema kwa nguvu zote za kipaza sauti:

"Sina mahari!"

Zimwi limesimama mlangoni kwa binti, jamani. Mtu angesikia nini kingine? Banda lilipasuka kwa kicheko. Wengine walianguka toka kwenye mabenchi. Mmoja alisimama akanyoosha kidole, kwanza kwa zimwi, kisha kwa Gervasi, kisha kwa Mzee Ndayisenga, na kicheko kikapanda upya. "Mpe tu, mzee! Hana mahari, mpe hivyohivyo!" Gervasi alipiga kelele kwenye kipaza sauti, "Sikusema mahari! Nimesema mahari! Mahari!" na kila alivyosahihisha ndivyo alivyozidi kuharibu. Mzee Ndayisenga aliinuka, akafunga kifungo cha koti, akamshika binti yake mkono, wakatoka kwenye mvua.

Jumatano baba mdogo alirudi na pombe yake kama alivyoipeleka. Ujumbe wa mzee ulikuwa mfupi: "Aliyasema mbele ya watu kwa kinywa cha zimwi. Ayafute mbele ya watu kwa kinywa cha zimwi." Lakini Zita alikataa katakata kuionyesha tena filamu ile, jenereta likaharibika, banda likafungwa kwa muda, na kabla ya mwaka kwisha Clotilda aliolewa na Niyomugabo, Mrundi mwenzao wa mtaa wa tatu kambini. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Gervasi alikuwa akiusikia msemo huo kila wiki, na kila aliyemwambia alidhani ni wa kwanza kumwambia.

Angesema "sehemu"! Angesema "sina pa kukaa"! Alilala na maneno hayo, akaamka nayo. Kiswahili kizima kilikuwa mbele yake, na yeye akachagua shimo. Aliacha kusoma masomo kanisani. Akajifunza kuzunguka kila neno lenye l, mpaka watu wakadhani amekuwa mtu wa kufikiri sana kabla ya kusema. Hata jina lilipotea. Sokoni waliitana, "Mahari kapita hapa?" na watoto wa shule wakaamini alibatizwa hivyo.

Lakini kilichomchoma zaidi ni salamu. Mzee Ndayisenga alibaki Lukole mwaka baada ya mwaka, na Gervasi alikutana naye sokoni karibu kila wiki. "Shikamoo, mzee." Mzee alitazama mbele, akapita. Mtu anaweza kukunyima binti, ni haki yake. Kukunyima marahaba ni jambo jingine, ni kukwambia kwamba humo kwenye hesabu ya watoto wa watu. Gervasi aliitoa shikamoo ile miaka kumi na miwili, naapa, bila kujibiwa hata mara moja, na hakuacha kuitoa, kwa kiburi zaidi kuliko adabu.

Alioa, usidhani hakuoa. Secilia, mwanamke wa hapohapo Kibimba, alimzalia watoto wawili na hakuwa na subira na mambo ya mazimwi. "Mimi mahari yangu ulitoa," alikuwa akimwambia. "Sasa unataka nini kwa mzee wa watu?"

"Nataka aniitikie."

"Na asipokuitikia hutakula?"

Alikula, lakini kwa uchungu.

Mwaka 2007 ikatangazwa kwamba Warundi waliobaki Lukole wanarudishwa kwao kwa awamu. Jina la Mzee Ndayisenga lilikuwa kwenye orodha ya Jumatatu. Gervasi alipata habari wiki mbili kabla, na siku hiyohiyo akaenda kwa Zita, aliyekuwa sasa mwanamke mzee anayehifadhi mihogo mikavu kwenye banda lile la zamani. Sanduku la kanda lilikuwa bado lipo, chini ya magunia. Na filamu ilikuwamo. Aliipangusa vumbi kwa shati lake, na Zita akamwambia atoke nayo kabla haijampandisha wazimu.

Kanda bila deki ni kipande cha plastiki. Deki ya Zita ilikufa zamani, na watu wote wa Ngara walikuwa wamehamia kwenye diski za DVD, na filamu zilizotafsiriwa tayari na vijana wa Dar es Salaam wenye ndimi laini. Aliuliza parokiani, akauliza mahakamani, akauliza kwa mtengeneza redio aliyemcheka. Mwishowe akaambiwa Runazi, huko Biharamulo, kuna mwenye duka aitwaye Emilian ambaye hatupi kitu. Alipanda lori la maharage lililosubiri hadi saa sita askari wa kulisindikiza msituni kwa hofu ya majambazi, akafika Runazi jioni, na Emilian akamwambia deki ipo ila imo ndani ya kabati, na kabati liko nyuma ya magunia arobaini ya mahindi. Waliyahamisha yote. Gervasi akalala hapo dukani, akarudi Ngara amepakata deki kama mgonjwa.

Ijumaa aliijaribu kwa Zita, kwenye televisheni ile ya zamani na jenereta la kuazima. Ilicheza. Alitazama dakika kumi za mwanzo tu, akazima, kwa kuwa kanda ilikuwa inalia kama bawaba na aliogopa itakatika kabla ya siku yake. Kosa la pili la maisha yake lilikuwa hilo.

Kisha akaenda kambini. Mzee Ndayisenga alikuwa ameketi nje ya nyumba yake ya udongo, anachambua maharage ya safari. Alikuwa amekonda, na koti lilikuwa lilelile.

"Shikamoo, mzee."

Maharage yaliendelea kuanguka kwenye ungo.

"Ulisema yafutwe kwa kinywa cha zimwi," Gervasi alisema, akichagua kila neno. "Kesho, saa tisa mchana, kwa Zita. Ile filamu. Watu nimewaita."

Mzee alitupa jiwe moja dogo nje ya ungo. Gervasi aliondoka akijilaani kwa kuja na akijua angejilaani zaidi kama asingekuja.

Watu walikuja kumi na watatu, na wanne kati yao walifuata kivuli. Mlango ulizibwa kwa blanketi ili picha ionekane. Saa tisa na nusu mzee aliingia, na kiti chake mwenyewe mkononi, akakiweka mbele. Gervasi alishika kipaza sauti ambacho hakikuunganishwa na chochote, kwa mazoea tu, na akaanza.

Niseme ukweli, alikuwa ameisahau filamu. Miaka yote alikuwa akiikumbuka robo saa ile moja, na sasa aliiona nzima kwa macho ya mtu wa miaka thelathini na saba, akaona mambo aliyoyakosa. Aliona kwamba zimwi linafuta miguu kabla ya kugonga. Aliona kwamba katika kila nyumba wenyewe wako macho, wanasikia, na wanazima taa. Kijana hakuyaona hayo, alikuwa anawinda mwisho. Alijikuta anasimulia taratibu, kwa sauti ya chini, na akakasirika kwa kuwa filamu nzuri namna hii ilikuwa imelala chini ya mihogo miaka yote hiyo.

"Zimwi liko wapi?" mtu aliuliza nyuma.

"Linakuja," alisema Gervasi.

Hawakulingoja. Saa moja baadaye walikuwa wamebaki watatu: yeye, Zita aliyekuwa anasinzia, na mzee, mikono juu ya magoti. Ikaja njia ya kijijini. Ukaja mlango wa mwisho. Gervasi alikuwa ameshajiandaa wiki nzima. Hangesema neno lile kabisa. Angesema "sina pa kwenda", maneno mepesi ambayo hata ulimi wake haungeweza kuyaharibu. Binti wa msaga nafaka alishika komeo. Mienge ikaonekana kwa mbali.

Picha ikaruka, ikawa chengachenga, na hapohapo pakatokea wanawake ishirini na wawili wenye sare za bluu, wanayumba kulia na kushoto mbele ya altare, wanaimba pongezi za jubilei ya padri.

Gervasi alitazama. Alibonyeza kitufe cha kupeleka mbele. Kwaya ikayumba kwa kasi. Akapeleka mbele tena. Padri anakata keki. Padri anapewa mbuzi.

"Zita!"

Zita aliamka. Alitazama televisheni kwa muda, akajifunika mdomo kwa kanga. "Ni ile jubilei ya mwaka tisini na tisa," alisema. "Kwaya waliomba kanda ya kunakilia. Mimi nikawapa ile ambayo hakuna anayeitaka."

"Mimi! Mimi ninaitaka!" Alipiga teke sanduku la kanda, akaumia kidole. Alimlaani padri, akamlaani mbuzi, akailaani kwaya sauti zote nne. Kisha akamgeukia mzee, na yale maneno mepesi aliyoyaandaa wiki nzima yakawa yamekimbia, akabaki na lile moja. "Haikuwa mahari, mzee! Ilikuwa mahari! Zimwi halikuwa na mahari, mahari pa kuishi, mahari..." Alisikia mwenyewe anachosema. Akaketi chini kwenye vumbi la mihogo, na machozi yakamtoka kwa hasira, mtu mzima, baba wa watoto wawili.

Kwaya ilikuwa bado inaimba. Mzee Ndayisenga aliinuka akaizima televisheni mwenyewe.

"Sema kama unavyosema nyumbani," alisema.

Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Gervasi akasema, "Simfise aho nja." Sina pa kwenda.

"Ee," alisema mzee. Akarudi kwenye kiti chake. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, cha mtu aliyejifunza ukubwani. "Mimi nikitaka kusema pahari pa kukaa, ninasema mahari. Nikitaka kusema ng'ombe za mkwe, ninasema mahari. Sina neno ringine na sina urimi mwingine. Sasa unafikiri siku ire nirishindwa kukusikia?"

Zita aliacha kusinzia kabisa.

"Ulijua?" Gervasi aliuliza.

"Nirikusikia vizuri. Nirikusikia kuriko wote mre ndani."

"Sasa kwa nini?"

Mzee alipiga vumbi kwenye goti la suruali yake. "Krotirda arikuwa amebaki peke yake. Ungemwoa wewe, angekuwa mtu wa hapa. Siku ya kurudi kwetu ningerudi na nani? Nirikuwa natafuta sababu ya kukukataza na siipati, maana kijana urikuwa mzuri. Wewe mwenyewe ukaniretea, mbere ya watu."

"Na salamu yangu? Miaka kumi na miwili!"

"Ningekuitikia ungerudi kuposa. Baadaye, arivyokwisha kuorewa, nikaona haya. Haya ikikaa sana inakuwa kama hasira, mtu hawezi kuitofautisha." Akainama akakunja kiti chake. "Wakarudi mwaka jana, yeye na mume na watoto. Mimi wakaniambia nisubiri orodha. Kwa hiyo nirimzuia iri nisirudi peke yangu, na narudi peke yangu."

Alitoka. Gervasi hakumsindikiza. Zita alimwambia amshukuru Mungu, angalau ukweli ameujua, naye akamwambia Zita anyamaze. Ukweli wa nini sasa? Alikuwa amefua ulimi wake kwa miaka kumi na miwili kama nguo yenye doa, kumbe doa halikuwepo, mnunuzi alikuwa anatafuta tu sababu ya kuirudisha. Nyumbani alimweleza Secilia. Secilia alifikiri sana, akasema, "Basi kale," na yeye hakula.

Aliapa hatakwenda Jumatatu. Jumatatu alfajiri alikuwa njiani.

Malori yalikuwa yameshapangwa, yamejaa watu, masufuria, mabati na kuku. Mzee Ndayisenga alikuwa juu ya gunia kwenye lori la tatu, koti limefungwa kifungo. Gervasi alisimama chini, mikono nyuma. Safari hii hakutoa shikamoo. Alikuwa ameiacha, kama mtu anavyoacha tumbaku. Mzee alimtazama, akangoja, akaelewa.

"Rire shamba rangu kure Muyinga," alisema mzee kutoka juu, "wameshakaa watu wengine. Wamejenga. Krotirda ameniambia. Nikifika pare mrangoni, nikapiga hodi, wakatoka, niwaambie nini?"

Gervasi hakutaka kujibu. Lakini jibu lilikuwa limekaa mdomoni mwake tangu alipokuwa kijana, na moyo ulikuwa unamwenda mbio.

"Waambie huna mahari," alisema.

Lori zima liliangua kicheko. Kila mtu alimjua. "Mahari! Kwaheri, Mahari!" walipiga kelele, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alicheka mpaka akashika ukingo wa lori. Injini iliwashwa. Mzee peke yake hakucheka. Aliinama kutoka juu ya gunia lake mpaka uso wake ukawa karibu.

"Marahaba, Gervasi," alisema.

Malori yakaondoka kuelekea mpakani Kobero, na Gervasi akabaki barabarani na vumbi machoni. Alikuwa na hasira kiasi cha kushindwa kupumua. Marahaba ya miaka kumi na miwili, na imetolewa siku ambayo hakuamkia. Alisimama pale mpaka lori la mwisho likapotea kwenye kona, kisha akashika njia ya Kibimba, maana deki ya watu ilikuwa bado haijarudishwa Runazi.